Sungura wa Risasi ya Pili

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenifunza kulitaja jina Lake kabla sijajua kuliandika langu, akanilisha katika nchi ambayo babu zangu hawakuwahi kuisikia, na akanivumilia nilipokosea. Rehema na amani zimshukie Mtume Wake na wote waliomfuata. Ninayoyaeleza ni mambo ya nyumba moja, tena madogo. Hata hivyo, mara kwa mara nikiwa nimesimama mbele ya Mola wangu, hunijia bila kuitwa.

Tulikuwa tukikaa Saltley, kule kwa Waingereza, katika mojawapo ya zile nyumba zilizoshikana safu nzima, matofali yake mekundu yamegeuka meusi kwa moshi. Mchana nilifanya kazi Washwood Heath, katika kiwanda cha magari ya mizigo, kazi yangu ni kufunga milango kwenye bodi. Jioni niligeuka mwalimu. Watoto wa mtaa, wengi wao Wapunjabi na wachache wetu sisi wa Pwani, walikuja kusoma Qur'ani katika chumba chetu cha mbele, viatu vyao vimejaa ukumbini hata hupati pa kukanyaga. Nilikuwa nimesoma chuoni Mombasa tangu utoto mpaka nikaoa, na watu waliniita Maalim. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu aibu yangu imekaa papo hapo.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini alitujia mama mkwe wangu. Alikuwa mjane, na mke wangu alikuwa mwanawe wa pekee. Alifika na sanduku lililonuka iliki na mdalasini, akabusu kuta za nyumba yetu kama mtu aliyerudi kwao, na siku ile ile akakataa nyama ya dukani.

Mwanzo haikuwa shida. Nilikuwa nikinunua kuku hai, nawachinja uani, naye akila vizuri. Majira ya baridi jirani yetu, bibi mmoja Mwingereza aliyekuwa akiishi peke yake, akaona damu juu ya theluji. Baada ya siku chache akaja afisa wa baraza la mji, kofia mkononi, akanieleza kwa upole kwamba sheria hairuhusu kuchinja nyumbani. Sikubishana. Mgeni hutii sheria ya mwenyeji wake, hayo pia niliwafundisha watoto.

Basi nikampeleka mama mkwe mwenyewe kwa muuza nyama mmoja kwenye barabara ya Alum Rock. Yule Mpunjabi aliweka mkono kifuani, akaapa kwamba kila kilichoning'inia pale kimechinjwa kwa jina la Mungu. Mama akamjibu salamu kwa heshima, akamwombea baraka, akatoka mikono mitupu.

"Kwani hukumsadiki, mama?" nikamuuliza njiani. "Ni Muislamu, kaapa."

"Namsadiki sana, mwanangu. Lakini nimeonyeshwa nyama, sikuonyeshwa mnyama. Tumbo langu ndilo lisilomsadiki."

Nilimsomea hoja zote nilizokuwa nazo. Alinisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza mvua, kisha akauliza kama nyumbani kuna ndizi.

Kufikia majira ya kuchipua alikuwa amepauka viganja na midomo. Akipanda ngazi hulazimika kukaa katikati. Hospitali moja kule Edgbaston walimpima, wakasema damu imepungua vibaya. Vidonge vya chuma walivyompa alivitapika. "Ale nyama," daktari alimwambia mke wangu, kama anayesema jambo jepesi kabisa. Mke wangu alirudi nyumbani akanieleza. Sote wawili tulijua kwamba mama hatakula ila kilichochinjwa na mkono anaoujua, na mkono huo ulikuwa wangu.

Njia ilitoka kwa rafiki yangu wa kiwandani, Kalasinga aliyezaliwa Nakuru. Nilimwita Fundi, kwa sababu hapakuwa na mashine ambayo ingemshinda. Jumapili alikuwa akimtengenezea trekta mkulima mmoja nje ya mji, na mkulima huyo alilia kwamba sungura wanamaliza ngano yake.

"Wewe si mtu wa kuchinja?" Fundi akaniambia wakati wa chai. "Kule sungura ni bure. Mwenyewe anaomba watu waje wapige. Ni wewe tu na bunduki, Maalim."

Bunduki sikuwa mgeni nayo. Ami yangu alikuwa na gobori, ile ya kushindilia baruti kwa mtutu, na nilipokuwa kijana aliwahi kunichukua kuwinda paa. Desturi yetu ilikuwa moja. Unataja jina la Mungu, unapiga, kisha unaitupa bunduki na kukimbia na kisu mkononi, umwahi mnyama akiwa bado anapumua umchinje. Ukimkuta amekufa, unamwacha. Wanavyuoni wana maneno marefu juu ya mnyama aliyekufa kwa risasi, na wapo wanaomhalalisha. Sisi tulilelewa hivyo, na mama mkwe alilelewa hivyo hivyo.

Nilipomweleza, alicheka mpaka akashika ubavu. "Sungura! Yule mjanja wa hadithi? Utamkamata wewe?"

"Nitajaribu, mama."

"Ukimwahi na kisu, mimi nitamla. Nitamla na ujanja wake."

Nikaomba kibali cha polisi. Askari alikuja nyumbani, akatazama kabati nililotia kufuli, akasoma barua ya mkulima, akaniuliza nina kusudi gani. Nikamwambia ukweli, naye akasema mama mkwe wake pia ni mgumu. Kibali kilipotoka tukaenda, mimi na Fundi, kwenye ile mitaa ya mafundi wa bunduki karibu na katikati ya mji, tukaingia duka moja lenye harufu ya mafuta ya kitani.

Pesa yangu haikuwa nyingi. Ndani yake mlikuwamo na sehemu tuliyoiweka kwa ajili ya hita ya mafuta ya taa, ya chumba cha mama, maana chumba chake kilikuwa upande wa nyuma, na ukutani palitoka unyevu. Mke wangu alikuwa amenisihi: nunua ya bei ndogo, kitakachobaki tununue hita.

Mwenye duka aliweka mbili juu ya meza, zote zilizokwisha kutumika, zote za risasi ndogo zinazotosha sungura. Moja ilikuwa ya kupiga mara moja tu: unatia risasi moja kwa mkono, unapiga, unafungua, unatia nyingine. Kitako chake kilikuwa na mikwaruzo, ila chuma kilikuwa kizima. Ya pili ilikuwa ya kujikoki yenyewe. Unajaza risasi zake kadhaa, na kila ukivuta kifyatuo inatoka moja, na nyingine imeshakaa mahali pake kabla hujapumua.

"Hizi za kujikoki huwa zinakwama?" nikauliza.

"Zingine hukwama," mwenye duka alisema. "Hii sijaisikia ikikwama. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mtu wa kusafisha."

Fundi akaichukua. Akaifungua, akachungulia mtutu kuelekea dirishani, akasukuma springi kwa kidole gumba, akasikiliza mlio wake kama daktari anayesikiliza kifua. Kisha akanipa.

"Hii haina maneno. Ile nyingine ni fimbo. Ukikosa mara moja, sungura amefika Coventry."

"Ni ghali zaidi."

"Unanunua kitu cha kutegemea ama unanunua bei? Mgonjwa uko naye nyumbani, Maalim. Utacheza na risasi moja moja?"

Niliuliza mengi siku ile. Niliuliza juu ya kutu, juu ya kusafisha, juu ya vipuri, kama risasi zake zinapatikana kwa urahisi. Nilikuwa mnunuzi makini. Swali moja sikuliuliza, nalo ndilo lililonihusu mimi kuliko mtu yeyote aliyeingia duka lile: ikiwa ninachotaka ni mnyama aliye hai, risasi ya pili ni ya nini? Na nikiwa mkweli, nilipoishika begani na kuhisi ilivyokaa, sikuwa nikimfikiria mama. Nilikuwa nikimfikiria ami yangu, jinsi ambavyo angeniona. Hita ikabaki dukani kwa watu.

Mke wangu alipoiona hakugomba. Aligusa kitako kwa ncha ya kidole. "Nzuri," akasema. "Nzuri kushinda shida yetu."

Jumapili iliyofuata, asubuhi, Fundi alinipeleka kwa gari lake. Nilikuwa na udhu, na kisu nilikinoa mwenyewe. Tulilala kifudifudi kando ya ua wa miiba, nyasi zimelowa, na kule mbele sungura walitoka mmoja mmoja kwenye mashimo yao kuota jua. Nikamchagua mmoja mnene. Nikasema, "Bismillahi, Allahu Akbar," nikapiga.

Alipinduka. Nilimpata kwenye mapaja, naona kabisa, na alikuwa akipiga teke na kujaribu kujivuta. Hapo ndipo palipokuwa pa kuitupa bunduki na kukimbia. Miguu yangu ilijua. Lakini bunduki ilikuwa bado begani, imeshajikoki, nyepesi, inangoja, na kidole changu kikavuta tena. Sikutaja jina la mtu wala la Mungu. Yule sungura akatulia.

"Shabash!" Fundi akapiga kelele.

Namwomba Mola anisamehe: moyo wangu pia ulisema shabash.

Kisha nikakimbia. Nikamgeuza, nikataja jina la Mungu, nikapitisha kisu. Damu ilitoka polepole, bila nguvu. Sikio lake lilitikisika, na sikujua kama ni uhai au ni upepo. Nilikaa pale nimepiga magoti kwenye matope nikimtazama jicho, nikitafuta chochote. Wenziwe wote walikuwa wameingia ardhini, na hawakutoka tena.

Mkulima alikuja na mbwa wake, akatazama. "Safi," alisema. "Hukumwacha ateseke."

Fundi alingoja mkulima aende, akachuchumaa karibu nami. "Mbona umekunja uso? Umechinja. Nimeona kisu."

"Sijui kama alikuwa hai."

Akamtazama sungura. Halafu akaanza kucheka, akajizuia, ikamshinda. "Pole, Maalim. Pole sana. Lakini makosa ni yangu. Kwetu sisi mama alitufundisha mnyama afe kwa pigo moja, papo hapo, bila kisomo. Mimi nimekuchagulia bunduki ya dini yangu."

"Basi mchukue wewe."

"Nimchukueje, na umeshamsomea na kumkata shingo? Huyo simli."

Ikawa hivyo. Kiumbe cha Mungu kimekufa kwa mkono wangu, na kwangu hakifai, kwa rafiki yangu hakifai. Hata hivyo nilimtia kwenye mfuko nikaja naye nyumbani, na hilo ndilo ninaloona ugumu kulieleza. Njia nzima elimu yangu ilinijia mbio kama wakili aliyelipwa vizuri. Wapo wanavyuoni waliohalalisha risasi. Jina la Mungu nilishalitaja mwanzoni. Damu ilitoka, japo kidogo. Tena mama ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa zake. Kila hoja ilikuwa na kitabu chake, na kila kitabu nilikijua.

Jikoni nilimwambia mke wangu yote. Alikuwa ameshakata vitunguu, na kipande cha tui lililogandishwa, la dukani, kilikuwa kinayeyuka kwenye maji ya moto.

"Umechinja, hukuchinja?"

"Nimechinja. Lakini nina shaka kama nimechinja kilicho hai."

"Shaka tu?"

"Shaka kubwa."

Alinigeukia na kisu mkononi, machozi ya vitunguu na ya kweli yamechanganyika. "Mama yangu hawezi kupanda ngazi. Nipe huyo sungura nipike. Ale leo. Kama pana dhambi, niandikiwe mimi."

Nikampa. Sikuwa na nguvu ya kumnyima, na ndani yangu nilifurahi kwamba amesema yeye.

Harufu ilipopanda juu, mama mkwe aliteremka mwenyewe, hatua kwa hatua, amevaa leso mpya na kujitia wanja. Alikaa mezani ameng'ara. Mke wangu aliweka wali, akaweka mchuzi. Nilingoja mama aulize. Nilijiambia, akiuliza tu nitamjibu ukweli. Hakuuliza.

"Kwa mkono wako, mwanangu," akasema, "mimi nala bila kuuliza."

Akafinyanga tonge, akalichovya mchuzini, akaliinua.

"Mama," nikasema. "Weka chini."

Mke wangu akafunika uso. Nikaeleza kila kitu: risasi ya kwanza na jina la Mungu, risasi ya pili na ukimya, damu, sikio. Nilisema pia kwamba wapo wanavyuoni wanaohalalisha, nikawataja, kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda.

Tonge lilikuwa bado mkononi mwake. "Ulipopiga ile ya pili," akauliza, "ulikuwa wamhurumia?"

Mlango huo ulikuwa wazi, ningeweza kuupita. Mkulima alikuwa ameshanifungulia kwa maneno yake.

"Hapana, mama. Nilitaka kupiga tu."

Akalirudisha tonge kwenye sahani, akanawa mkono taratibu. "Haya. Shukuru hukupiga na ya tatu." Kisha akaomba wali mweupe na achari ya ndimu. Alikula matonge machache mbele yetu, ili tusione vibaya.

Sufuria ile mke wangu aliipeleka kwa jirani, yule bibi wa theluji. Alimweleza wazi ni nyama ya nini na kwa nini sisi hatuli. Bibi alisema sungura hajamla tangu wakati wa vita. Alirudisha sufuria imesuguliwa mpaka nje, na ndani ameweka mayai. Mama alikula mayai yale, na mimi sikuweza kumtazama akiyala. Jirani aliyesababisha nikatazwe kuchinja alikuwa amemlisha, na mimi Maalim nilishindwa.

Katikati ya wiki mama aliporomoka kwenye ngazi. Hakuvunjika, lakini hospitali walimlaza. Sikulala vizuri siku zile. Nilijiambia kwamba nimesema kweli, na ni kweli nilisema. Lakini ukweli wangu ulimnyima chakula ambacho bunduki ya bei ndogo na mbio za miguu yangu zingempa. Watoto walikuja jioni, nikawasomesha, na mmoja aliponiuliza kwa nini sauti yangu ni ndogo nilimwambia nina mafua.

Jumapili nilirudi kwa mkulima. Fundi alinitazama nikitia risasi moja tu kwenye ile bunduki, na nyingine zote nikampa yeye ashike.

"Unaifanya gobori," akasema.

"Hivyo ndivyo ilivyonipasa tangu mwanzo."

Nilikosa mara ya kwanza. Tukangoja mpaka jua likapanda, kifua kimelowa. Akatoka mmoja mdogo zaidi. Nikataja jina la Mungu, nikapiga, akapinduka, nami nikaiacha bunduki kwenye nyasi nikakimbia. Nilianguka mtaroni, nikainuka, kisu kimenikata kiganja. Nilipomfikia, mbavu zake zilikuwa zikipanda na kushuka, na macho yake yalikuwa juu yangu. Nikamlaza kuelekea Kibla, nikamchinja. Damu iliruka mpaka mkononi, ikachanganyika na yangu.

Alasiri ile nilipanda basi kwenda Edgbaston, na sufuria ndogo iliyofungwa kwa leso mapajani. Mama alikuwa ameegemea mito, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nilifungua kifuniko. Hakuuliza juu ya bunduki, wala juu ya wanavyuoni.

"Alikuwa hai?"

"Alinitazama, mama."

Alinishika mkono uliofungwa kitambaa, akautazama, akauachia. "Basi lete," akasema.

Alikula kidogo, akapumzika, akala tena. Muuguzi alipita akaona, akajifanya hakuona. Kila Jumapili baada ya hapo nilikwenda na risasi moja moja, na damu ya mama ikarudi polepole, mpaka akapanda ngazi bila kukaa katikati.

Ile bunduki ya kujikoki niliirudisha dukani na kuibadilisha na ile Fundi aliyoiita fimbo. Mwenye duka alinirudishia tofauti, nikapita nayo moja kwa moja kununua hita. Mama alipoiona inawaka chumbani kwake alisema, "Huyu ndiye sungura wa ile risasi ya pili," akainyooshea mikono. Aliishi nasi miaka mingi, na hakuwahi kunitajia habari ile ila kwa mzaha. Alinisamehe siku ile ile. Yule kiumbe mwingine, niliyemuua kwa raha ya kidole, sina wa kumwomba msamaha wake ila Aliyemuumba.

Wewe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akupe riziki usiyokuwa na shaka nayo, na mtu wa nyumbani anayekula kwa mkono wako bila kuuliza. Akupe na ulimi wa kumwambia "weka chini" pale inapokupasa, na miguu ya kukimbia siku inayofuata. Amin.